Mama Hanigombezi Tena

Kwa Kaka Opoka, mwanajeshi wetu wa mbali,

Mimi mzima, kasoro mifupa tu. Sikoseli imenirudisha wodini, leo siku ya tisa. Daktari mpya, mtoto wa juzi, kanichoma mara nne akitafuta mshipa. Nikamwambia, "Pisha, profesa, mshipa unaofanya kazi ni huu." Shangazi Akumu naye katoka Bwaise kuja kuniomboleza mapema, jicho kwenye viatu vyangu vya mtumba wa soko la Owino. Nikamwambia, "Shangazi, havikutoshi."

Hao siwaogopi. Ila Mama, na makelele yake yote unayoyajua, tangu Jumanne hanigombezi. Nimemtukana daktari mbele yake, akaendelea tu kuniosha miguu.

Kaka, omba likizo. Njoo unigombeze wewe.

Mdogo wako, bingwa wa wodi,
Olal