Mlango wa Uani kwenye Kompyuta Yako

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kisha nikasubiri marahaba yako. Mazoea yana taabu.

Leo ilikuwa siku ya nikaha ya Idrisa, mwanao wa mwisho, siku uliyoipanga mwenyewe kabla maradhi hayajakuzidi. Mama yuko edani, na alisema wazi: ndoa ifungwe baada ya alasiri, bila shamrashamra, ila kanzu iwe na darizi uliyomchorea wewe. Mchoro ulikuwa ndani ya kompyuta yako, hapa dukani Mtaa wa Sikukuu, na kuushona ni kazi yangu.

Nilipoiwasha asubuhi ikaniomba apdeti. Nikakubali. Ilipowaka tena kila kitu kilikuwa kizuri, isipokuwa programu ya darizi ilifunguka na kujifunga papo hapo. Nikajaribu tena, ikajifunga. Kanzu imeshatandikwa kwenye fremu ya mashine, uzi umeshatungwa, na mimi nimekaa nautazama tu.

Ami Salum akaingia. Tangu uondoke, ndugu yako amekuwa mkali, neno dogo anafoka. Akasema fundi wa ghorofani anakuja kufuta kila kitu na kuweka mfumo mwingine. Nikamweleza kwamba ile programu ni ya zamani, ikifutwa sijui pa kuipata nyingine Kariakoo nzima, na hata nikiuhamishia mchoro kwenye flashi hakuna mashine itakayousoma bila programu hiyo.

"Basi akashonewe kwingine," alisema. "Darizi ni darizi."

Iliniuma, Baba. Nilitaka kumjibu vibaya, Mungu anisamehe. Nikakukumbuka unavyopangusa miwani kwa ncha ya shati, mteja anahema mlangoni nawe huna haraka: "Rukia, uliza kilichopo kabla hujaleta kisichopo."

Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nikaiuliza kompyuta inatumia njia gani kuchora picha kwenye kioo. Ikajibu: wayland. Hiyo ndiyo njia mpya, na programu yako ni bibi kizee wa njia ya kale, ile ya X11, nyingine haielewi. Kumbe haikuwa imeharibika, imeamka ugenini. Likabaki swali moja, kama njia ya kale bado imo humo ndani. Nikaandika ls /usr/share/xsessions, amri ya kuorodhesha njia za kale zilizosalia, nikasoma Bismillahi kabla ya kubonyeza. Fundi alikuwa ameshafika, flashi mkononi.

Likatoka jina moja tu. Si lile la kawaida, hilo apdeti ilishalifagia. Lilikuwa jina la ule mfumo mdogo mwepesi uliouweka zamani, nikakucheka kwamba hauna hata picha ya nyuma. Ulinijibu kwamba nyumba ya kwenu haijengwi bila mlango wa uani, kwa sababu kuna siku mbele hapapitiki. Mimi nikaendelea kucheka.

Nikatoka kwenye akaunti, nikachagua jina hilo kwenye ukurasa wa kuingilia, nikaandika neno la siri. Kioo kikawa cheusi. Ami akasema nimeshaiua. Kisha ikaja rangi ya kijivu, mbaya kama nilivyoikumbuka. Nikaiita programu. Ikafunguka, ikabaki wazi.

Darizi yako ilikuwemo. Lakini hukuimaliza, Baba. Upande wa kushoto chini ya kola, jani la mwisho umelichora nusu. Hukuniambia. Mashine ilishona ikafika pale, ikasimama. Fundi akasema kulimalizia ni kazi ya mara moja, akanyoosha mkono kwenye kipanya. Ami Salum akamshika mkono.

"Acha," alisema. "Ndugu yangu ameishia hapo."

Kisha akageukia ukutani, mabega yakaanza kumtikisika. Hakuwahi kulia mbele yetu, hata makaburini.

Idrisa amefunga ndoa na nusu ya jani kifuani. Aliporudi nyumbani Mama akalipapasa pale linapokatika, akarudia, akarudia tena, mpaka nikatoka nje. Nina hasira na wewe kwa kuondoka kazi ikiwa mkononi. Na nimekukosa, sina neno jingine.

Nimerudi dukani kukuandikia haya, na sasa nakuaga, Ami ananisubiri tufunge. Mungu akupe nuru huko uliko. Kuchora nitajifunza, lakini jani lile silimalizii, wala mlango wako wa uani siufuti, aje fundi gani. Na kesho nikifungua hapa nitauliza kwanza kilichopo, ingawa najua wewe hupo.

Mwanao,
Rukia