Wimbo wa Mama Uliokwenda Kigali

Mwanga, Kigoma

Kwako mdogo wangu Isaka,

Bwana asifiwe. Habari za Kigali na baridi ya huko, na lile goti lako la kushoto linaendeleaje? Sisi hapa nyumbani tu wazima kwa kadiri yetu. Mvua zimeanza. Baba anakohoa kidogo asubuhi lakini ugali wake anaumaliza, na mimi bado niko sokoni na mawese yangu. Watu wa huku wanakusalimu sana. Tangu timu yenu ichukue ubingwa siwezi kupita njia bila mtu kuniita dada wa Isaka.

Barua hii nampa Dismasi, dereva wa lori la dagaa, akukabidhi mkononi. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe ni mwepesi mno, mdogo wangu. Unacheka, unanitania, na kabla sijafika kwenye neno lenyewe umeshaniambia kocha anakuita. Sasa kaa chini uisome yote.

Sijui kama bado unaikumbuka ile Jumapili ya ugomvi, ulipokuwa kidato cha tatu, timu ya kikapu ya mkoa ilipokutaka ucheze saa za ibada. Baba alisema mtoto wa mzee wa kanisa hawezi kuruka ruka na kaptula wakati wenzake wamepiga magoti. Mimi ndiye niliyesimama nikamwambia Baba kwamba Mungu aliyekupa urefu ule hakukosea, na kwamba ukitoka uwanjani utakuja ibada ya jioni, nami nitakaa na wewe. Baba hakusema nami kwa muda mrefu. Lakini ulicheza. Na jioni ulikuja kweli, unanuka jasho, ukalala begani mwangu mahubiri yote. Sikuandikii haya ili unishukuru. Nataka ujue nilikuwa nimesimama wapi kabla ya haya mengine.

Wimbo wa Mama unajua ulivyozaliwa. Mama alipokuwa amelala chumba cha nyuma, pumzi zikimpanda, alikuwa anaogopa jua likianza kushuka ziwani. Aliniambia giza likimkaribia mlangoni anajisikia kama mtu anayeitwa. Basi nikawa namwimbia. Sikukaa na kalamu nikautunga. Maneno yalikuja yenyewe, Kiswahili na Kiha vimechanganyika kama tulivyokuwa tunaongea naye, Mungu tukimwita Imana: nishike mkono, Imana, giza limefika mlangoni, nishike mkono nisiende peke yangu. Baba alikuwa anakaa sebuleni na Biblia yake, ukuta mmoja tu kati yetu. Wewe ligi ilikuwa imeanza, hukuweza kuja, ukaniomba nikurekodie sauti kwenye simu ili uwe karibu na Mama. Nikakurekodia. Ukaniambia unausikiliza kila mara kabla ya mechi, mkiwa chumba cha kuvalia, na kwamba ukiusikia miguu yako inatulia. Nilifurahi, Isaka. Nilijiona kama nami nimeingia uwanjani.

Tulipomzika Mama sikuuimba tena. Nilishindwa. Kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, Mchungaji aliponiomba wimbo mpya kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa kwaya, ndipo nikajikaza nikautoa. Nikawafundisha sauti ya kwanza, nikaenda ya pili. Mara Skolastika akaanza kucheka. Unamjua, Skolastika hana ubaya, kicheko chake kinatoka kabla hajafikiri. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mwalimu, kumbe na wewe unampenda Roja!" Na wale wasichana wa nyuma wakaanza kuuimba wenyewe, wakitikisa mabega, mpaka mwisho ambao sikuwa nimewafundisha bado.

Mimi Roja simjui. Ndipo Skolastika akatoa simu yake. Nikasikia ngoma, nikasikia gitaa, halafu nikasikia wimbo wa Mama. Sauti ya mwanaume, tamu kama ya mtu anayebembeleza, inasema nishike mkono, Imani. Imani ni msichana. Amemwacha jamaa, naye anamwomba arudi. Herufi moja tu ndiyo waliyobadilisha, Isaka. Nilikaa kwenye benchi nikamwomba aurudie.

Jioni ile ile nilikupigia. Hukushtuka. Ulicheka kidogo ukasema, "Nyimbo zinafanana, dada. Noti ni saba tu duniani, watu wote tunagombea hizo hizo." Halafu ukasema pengine mimi ndiye niliyeusikia wa Roja mahali, kwenye bajaji au dukani, ukaniingia kichwani bila kujua. Nilikukumbusha kwamba nilikurekodia. Ukasema simu ile ulishaibadilisha na kila kitu kilipotea. Yangu niliyorekodia nayo ilikuwa imekufa zamani. Nikakuamini. Nilianza hata kujishuku mwenyewe, nikawa najiuliza njiani kama kweli sikuwahi kuusikia mahali.

Maneno yalifika kwa Mchungaji kabla sijayapeleka. Watu wakaanza kusema mwalimu wa kwaya amechukua wimbo wa baa akauvalisha joho. Nikaitwa mbele ya wazee wa kanisa, na Baba akiwa mmoja wao, ameketi pale pale anapoketi siku zote. Mchungaji hakunikaripia. Aliniuliza kwa upole kama yupo mtu mwingine aliyewahi kusikia wimbo ule kabla haujatoka redioni. Nikasema yupo. Nikamgeukia Baba.

Baba alikuwa ameangalia mikono yake. Akasema, "Nakumbuka alikuwa anaimba imba. Wimbo wenyewe siukumbuki."

Nilimhurumia. Nilijisemea msiba umemla akili mzee wangu, hata siku zile za mwisho za mke wake hazikumbuki. Njiani kurudi nilimshika mkono tuliporuka mtaro.

Wazee wakanisimamisha kwaya, wakataka nitubu mbele ya kanisa kwamba nimeleta wimbo wa dunia madhabahuni. Nilikataa. Baba akaja chumbani kwangu, akakaa kwenye kitanda, akaniomba. Akasema, "Mwanangu, kubali yaishe. Neno moja tu, halafu watu wasahau." Nilitii kwa sababu alionekana mdogo pale alipokaa. Jumapili nikaenda mbele, nikapokea kipaza sauti, nikatubu kosa ambalo sikulifanya. Mama mmoja wa benchi la mbele alitikisa kichwa kunisikitikia. Baada ya hapo nikawa nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikisikiliza wengine wanavyokosea sauti ya tatu.

Sasa nakuja kwenye siku ya fainali yenu.

Nyumba ilijaa. Majirani walileta viti vyao, Skolastika alikuja na karanga, Baba alivaa lile koti la sikukuu kana kwamba na yeye wangemwona. Ulicheza, mdogo wangu. Sitaacha kulisema hilo kwa sababu ya hasira. Ile mara ulipokatiza kati ya watu wawili ukaruka, mpira ukauweka kikapuni kama mtu anayeweka yai kwenye kiota, nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mlipochukua ubingwa nililia. Halafu ukumbini wakapiga ule wimbo, watu wote wakauimba, na Roja mwenyewe akashuka uwanjani akakukumbatia. Mwandishi mmoja wa Kiswahili akakuwekea kipaza sauti mdomoni, akasema amesikia kwamba wimbo huu una mkono wako ndani yake. Nikadhani utakataa.

Ukasema, "Ni kweli, niliutunga mimi. Mama yangu alikuwa mgonjwa, nikautunga kwa ajili yake, ndugu yangu Roja akaupenda."

Mama yangu, ulisema. Nikautunga kwa ajili yake. Na wewe hukuwahi hata kuingia chumba kile.

Skolastika aligeuka akanitazama, karanga zikiwa bado mkononi. Hakucheka. Mimi nilimtazama Baba, nikitaka kuona kama ameshtuka kama mimi. Hakushtuka. Alikuwa ananyoosha mkono kutafuta rimoti, akisema zima, zima, mechi imekwisha. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza hana haraka ya namna ile.

Nilingoja majirani waondoke. Kisha nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia shikamoo Baba, kana kwamba ndiyo kwanza naingia, kwa sababu sikujua nianze na neno gani. Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Hakunificha. Akasema ulimpigia kabla ya kile kikao cha wazee. Ulimwambia ulimwimbia Roja siku moja mkiwa mmekaa, akaupenda, akakuuliza ni wa nani, nawe ukasema ni wako. Ulimwambia Baba kwamba ukweli ukitoka utaitwa mwizi, Roja atakutenga, na timu inaweza kukutema. Ukamwomba asiukumbuke wimbo. Naye hakuukumbuka.

Nilimuuliza, na mimi je? Isaka, nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Alisema, "Yeye ni mtoto wa kiume, yuko ugenini, jina ndiyo mali yake. Wewe uko nyumbani. Nyumbani watu wanakujua, watakusamehe."

Kwa hiyo mlipatana ninyi wawili, nami nikaenda kutubu.

Nilimwambia Baba kwamba Jumapili inayofuata mtu mmoja atasimama kanisani, na achague mwenyewe kama ni yeye au mimi. Wiki nzima hakula vizuri. Jumapili alisimama. Hakuzunguka. Alisema alimwacha binti yake ahukumiwe huku akijua hana kosa, na kwamba wimbo ule aliusikia kwa masikio yake ukiimbwa mke wake akiwa kitandani, na kwamba tangu siku ile hajastahili kukaa alipokaa. Akatoka kwenye kiti cha wazee akaenda kukaa na watu wengine. Mchungaji naye akaniomba radhi mbele ya wote. Wamama wakapiga vigelegele. Ungedhani ni harusi.

Halafu Mchungaji akaniambia nije mbele niuimbe, sasa uwe wa kanisa. Nikaenda. Kwaya ikasimama nyuma yangu. Kinanda kikanipa sauti, nikafumba macho nimtafute Mama. Nikaimba: nishike mkono, Imani.

Imani, Isaka. Ulimi wangu mwenyewe. Nimeusikia wimbo huo sokoni, stendi, kwenye simu za wateja, mpaka ulimi umejifunza ya Roja na kusahau ya kwangu. Kijana mmoja kule nyuma aliangua kicheko, akaziba mdomo. Nilifumbua macho nikaona mabega ya watu yameshaanza kutikisika kabla hawajajua kama yanatikisika. Nikaacha hapo hapo. Nikamrudishia Mchungaji kipaza sauti, nikawaashiria kwaya waimbe wimbo wa kitabuni, na waliuimba vizuri.

Hilo ndilo nililotaka ulijue, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kutubu kwa uongo nimekusamehe, au nitakusamehe, nipe muda. Uwanjani uliposema ni wako uliwadanganya watu ambao siwajui, hayo ni yako na wao. Lakini kile nilichokuwa nikikaa nacho baada ya maziko, kile kilichonifikisha tena kwenye kitanda cha Mama, umekigawa, na huwezi kukirudisha hata ukitaka. Hata ukisimama kesho mbele ya kamera zote ukataja jina langu, bado watu wataimba Imani.

Usimtume mtu kuja kunibembeleza. Usinitumie kitu. Roja usimgombeze, maana yeye aliuliza ni wa nani na wewe ukamjibu.

Baba anakusalimu. Nampikia kama kawaida, tunaongea habari za mvua na za kikohozi. Ameanza kunisubiri mlangoni jioni nikitoka sokoni, ananipokea madumu. Skolastika anakusalimu pia, ila alisita kidogo kabla ya kunituma. Kaburi la Mama tumelipalilia.

Mimi nimerudi kwaya, na kuna wimbo mwingine umeanza kunijia. Huo sirekodi popote. Siku utakapokuja Kigoma utausikia kanisani, umekaa kwenye benchi kama watu wengine.

Goti lako likandwe kwa maji ya moto, usilidharau. Mungu akulinde barabarani na uwanjani.

Ni mimi, tumbo moja na wewe,

Edina Nehemia