Barua Arobaini na Moja Zenye Mhuri

Jumatatu, 4 Machi

Barua pepe saba za wakimbizi kwa ndugu zao leo. Nimechapa, nimegonga mhuri wa IMETUMWA kwenye nakala, wenyewe wamezichukua na kuwahi gari la kambini. Ndivyo tufanyavyo hapa: mhuri asubuhi, kutuma saa sita, laini ya simu ikitulia. Wangesubiri saa sita gari lingewaacha.

Saa sita nikaunganisha. Modemu ikalia kama mbuzi anayevutwa mkia. Zimeingia barua nne. Kwenye kioo kikatokea kile kidirisha cha Kiingereza cha kila siku. Nikabonyeza OK, nikaenda kula.

Moja ya zilizoingia ni ya Kashindi, kijana aliye Lusaka. Mama yake amepanga chumba Katubuka, hapa mjini, anauza mawese. Nimemwita aje kesho.

Jumanne, 5 Machi

Siku mbaya.

Mama Kashindi hajui kusoma, nikamsomea. Mwanawe anasema hii ni barua ya tatu na hajajibiwa hata moja. Amepata nafasi ya kupelekwa Kanada. Kuna fomu ya kuandika ndugu walio hai. "Nisipopata neno lako hadi Ijumaa tarehe 15, nitajua haupo tena, Mama. Nitasaini peke yangu."

Hakulia. Akafungua pindo la kitenge, akatoa nakala mbili zilizokunjwa vizuri, akaziweka mezani. Mhuri wangu juu yake, wino haujapauka hata kidogo.

"Baba Karani, hizi zilienda wapi sasa?"

Nikafungua kasha la zinazotoka kwenye kompyuta. Zimo. Barua arobaini na moja, zimekaa kama abiria wa meli iliyoharibika. Ya kwanza ni ya siku tulipohamia kampuni mpya ya mtandao, wiki tatu zilizopita. Zinazokuja zinakuja, kwa hiyo nikajua zinazokwenda zinakwenda. Kile kidirisha kilikuwa kinaniambia kila siku, na mimi nakifunga nikale dagaa. Karani wa miaka ishirini na mbili kazini, cheti ukutani. Bure kabisa.

"Andika tena," akasema. "Ila huo mhuri usiuguse."

Imekuwa ya arobaini na mbili; mpya sipokei hadi hizi zitoke. Nambari ya simu ya Kashindi hatuna. Anasoma barua zake kwenye duka la intaneti huko Lusaka; hapa kwetu duka la namna hiyo hakuna. Barua ya posta haitafika kwa wakati.

Jumatano, 6 Machi

Nimepiga simu kampuni mpya. Kijana mwenye sauti ya asali: "Mzee, zima uwashe." Nikawasha. "Zima tena." Kisha akasema kosa ni la kampuni ya zamani. Nikapiga ya zamani. Kosa ni la mpya. Wote wawili wamenitakia siku njema. Siitaki.

Ijumaa, 8 Machi

Mkurugenzi wetu ameleta Injinia wa kompyuta kwa ndege kutoka Dar. Miwani ya jua ndani ya ofisi, mapazia yamefungwa. Ameing'oa programu nzima ya barua, ameiweka upya, amepiga miluzi. Akajaribu kwa anuani ya Mkurugenzi. Ikaenda! Mkurugenzi akapiga makofi kama kwenye mahafali.

Mchana nimemlisha kwangu Ujiji. Migebuka mitatu ya ziwani, mikubwa. Akanishika bega: "Mzee wangu, kompyuta haitaki presha." Ana umri wa mwanangu wa pili, ambaye naye hajui kitu. Ndege ya jioni imemchukua.

Jumamosi, 9 Machi

Kasha: arobaini na mbili. Hakuna hata moja iliyotikisika.

Barua za wakimbizi hazitoki kwa anuani ya Mkurugenzi. Zina anuani yao wenyewe, na iko kampuni nyingine, ile ya zamani. Kumbe kila anuani ina mipangilio yake ya kutuma. Injinia aligusa ile ya mkubwa tu, inayotuma salamu za mwaka mpya.

Nimemwomba Mkurugenzi barua moja tu, hii ya Lusaka, ipitie kwake. Amekataa. Anuani yake ni ya heshima, hawezi kuichanganya. Nimesema ndiyo mzee. Najidharau kwa ile ndiyo.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Laini ya simu imekufa. Mama Kashindi anakuja kila siku saa nne, anakaa benchini, haulizi kitu. Angeuliza ningepumua. Wakati wa kuondoka leo: "Baba Karani, unazeeka haraka kuliko hii mashine." Nimecheka. Kweli tupu.

Jumatano, 13 Machi

Laini imerudi. Nimefanya kazi ninayoijua: kulinganisha karatasi. Nimenakili kwa mkono mipangilio ya Mkurugenzi upande huu, yetu upande ule, mstari kwa mstari. Kupokea, sawa. Kutuma, siyo. Ya kwake inatuma kupitia seva ya kampuni mpya, ambayo ndiyo laini tunayopitia. Yetu bado inabisha hodi kwa kampuni ya zamani, na hao hawachukui mzigo wa mtu anayekuja kwa laini ya wenzao.

Nikabadilisha. Nikatuma. Kidirisha kingine! Sasa kampuni mpya nayo inasema haitujui. Tusi jipya. Afadhali ni jipya.

Safari hii nimelisoma lote, na kamusi mkononi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekiona. Chini kabisa, kijisanduku kidogo kama punje ya mchele: seva ya kutuma inataka jina na nywila. Kwa Mkurugenzi kina alama ya tiki. Kwetu kitupu. Jina na nywila zimo kwenye mkataba, na mkataba umo kwenye faili langu mwenyewe, kabati langu mwenyewe. Nimejitukana kwa Kiha, Kiswahili hakikutosha.

Saa sita. Tuma. Arobaini na moja. Arobaini. Inaanza na za zamani, na ya Mama Kashindi ni ya mwisho. Yeye kasimama nyuma yangu, anahesabu kwa Kibembe. Zilipobaki tisa laini ikakatika. Sikugeuka kumtazama. Nikapiga upya, mara nne. Nane. Saba. Saa saba na robo kasha likawa tupu.

"Imeenda kweli?"

Nikamwonyesha kioo.

"Miye sijui kusoma. Uape."

Nikaapa.

Ijumaa, 15 Machi

Hakuna jibu. Nimeunganisha mara sita. Hakuna.

Jumanne, 19 Machi

Kashindi amejibu. Barua yetu ilimkuta na kalamu mkononi, anasema. Ameandika jina la mama yake mstari wa kwanza. Fomu inataka na mwaka wa kuzaliwa.

Mama hajui mwaka. Alizaliwa Baraka, ng'ambo ya ziwa, mwaka ziwa lilipopanda likamega nyumba za ufukweni. Nikamwambia nalikumbuka, hata huku Ujiji lilipanda, nilikuwa mtoto.

"Ulikuwa na meno?"

"Ya mbele yalikuwa yameng'oka."

Akafikiri. "Basi nikupe shikamoo, umenipita miaka sita."

Tukahesabu kuanzia meno yangu, tukapata mwaka, nikauandika. Barua imeondoka saa sita na dakika tano. Amekaa benchini kidogo, mikono mapajani. Kisha akajitwisha dumu lake la mawese, akateremka kwenda sokoni.