Kiinua Mgongo Nilichokificha Hadi Kanisani

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi nipokee hivyohivyo, maana nina jambo limenikaa kifuani na siwezi kulisema kwa mtu anayeijua sura yangu.

Mimi ni mkunga mstaafu, nimezalisha kwa miaka thelathini na mmoja katika wodi moja, na nusu ya vijana wa mtaa wetu, mikono ya kwanza kuwashika ilikuwa hii yangu, kwa hiyo nilipostaafu kila mtu alijua nasubiri kiinua mgongo. Kiliingia miezi minne iliyopita. Nilikwenda benki, nikaisoma karatasi ya salio, nikatoka kukaa kwenye benchi la nje, na badala ya kumshukuru Mungu nikamkumbuka muuguzi mwenzangu aliyestaafu kabla yangu, ambaye fedha zake ziliyeyuka ndani ya miezi minane, shemeji kachukua za lori, mpwa kachukua za harusi, na yeye akawa anakuja wodini kutuomba sabuni. Siku hiyohiyo mdogo wangu wa kiume akanipigia, "Dada, wamekulipa?" Nikajibu, "Bado."

Nilidhani najipa wiki mbili za kufikiri. Jumapili mke wa mchungaji akaniuliza swali lilelile mbele ya kina mama wenzangu, nikasema bado, na kabla sijakaa vizuri akawa ameshatangaza kwamba tufunge siku tatu ili Mama Mkunga apate haki yake. Wakafunga, na mimi nikafunga nao, nikapiga magoti katikati yao wamenishika mabega, wengine wanatokwa machozi, nami nikaitikia amina. Wiki iliyofuata mjane mmoja anayeuza nyanya sokoni akanivuta pembeni ya geti la kanisa, akanitia mkononi noti zilizokunjwa ndani ya leso. Nikamwambia, "Mama, usifanye hivyo." Akasema, "Wanangu wote wawili umenizalisha wewe. Hii si sadaka, ni nauli. Nenda ukawasumbue ofisini kwao." Nikapokea, kwa sababu kukataa kungeibua maswali.

Sasa paa la jiko linavuja na simwiti fundi, maana wataniuliza fedha nimetoa wapi. Dawa za presha nakata kidonge kimoja nameza siku mbili. Mdogo wangu ameshapata fremu ya duka la vifaa vya ujenzi, anasema zikitoka tu tunaingia ubia. Na mwenzangu wa kwaya anasema anayeweka akiba benki hamwamini Mungu, afadhali nipeleke zote madhabahuni. Nimezalisha wanawake taa zimezimika bila kutetemeka, mshauri, lakini hili limenishinda. Nifanyeje?

Mkunga Mstaafu

*

Mama Mkunga,

Marahaba, nimekuzidi mwaka mmoja. Uliandika namba yako chini ya barua, nami nikakupigia kabla ya kushika kalamu, maana mtu anayekata vidonge vya presha hawezi kusubiri gazeti. Niliyokuambia nayaandika hapa kwa ruhusa yako, kwani wenye "bado" yao ni wengi.

Pole kwa hofu. Uliona mwenzako akimalizwa na watu wake mchana kweupe, ungekuwa wa ajabu usipoogopa. Ila hofu ilikupa kazi ya kulinda fedha, ukaifanya kwa kuwadanganya watu waliokuwa wanakaa na njaa kwa ajili yako. Hapo ulikosea, na mtu mzima kama wewe usitafute jina lingine la kosa hilo. Ungeweza kusema, "Mambo ya fedha zangu nitayazungumza nikiwa tayari." Hiyo ni siri yako na unayo haki nayo. "Bado" ni uongo.

Nilikuambia uanze kwa mjane, siku hiyohiyo, kabla ya mchungaji na kabla ya ndugu. Ulikwenda. Uliniambia ulimkuta anachambua nyanya, ukamweleza kila kitu ukiwa umesimama, ukamrudishia leso yake na noti zake. Alizihesabu, akasema, "Nilifunga siku tatu na vidonda vya tumbo." Ukaomba radhi. Akasema, "Nimekasirika, Mama Mkunga. Leo niache. Njoo kesho." Ukarudi kesho yake ukiwa na roho mkononi, ukakuta amekuwekea kigoda karibu na chake, na mkachambua nyanya pamoja mpaka mchana, maneno machache tu. Uliponisimulia, sauti yako ilikuwa ya mtu aliyelala. Amani ya Mungu uliyokuwa unaiomba kwa miezi minne ilikuwa imezuiwa na neno moja, nawe ndiye uliyelitoa njiani.

Kina mama wenzako uliwaambia Jumapili. Wawili wamenuna, wacha wanune, wana haki. Mke wa mchungaji alikuuliza kama ulitoa fungu la kumi, ukasema utatoa. Toa. Toa ulichoamua moyoni ukiwa umetulia, na usiongeze hata senti kwa ajili ya aibu. Aibu si ibada. Mwenzako wa kwaya mwambie hivi: Mungu aliyekupa akili ya kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni hakukuagiza uiache akili hiyo mlangoni unapoingia benki. Kupanga ni shukrani.

Kwa hiyo panga. Fundi aje wiki hii, na dawa unywe kama daktari alivyoandika. Tenga matumizi ya mwaka mzima mahali unapoweza kuyafikia. Sehemu kubwa iweke amana ya muda maalumu, ikulipe faida kidogo kidogo, na jumla yake muijue wewe na mtoto wako mmoja unayemwamini, basi. Ukitia saini chochote, soma kwanza nyumbani, ulale nacho, ndipo urudi.

Amebaki mdogo wako, na najua ndiye unayemwogopa. Mwite kwako, msikae kwenye simu. Mwambie ulimdanganya, umwombe msamaha kama dada. Kisha mwambie duka hutaingia. Ukitaka kumsaidia, mpe zawadi, kiasi ambacho hata asiporudisha maisha yako yote hutakikumbuka, na useme ni zawadi. Atakuuliza, "Dada, ndiyo hizi tu?" Mjibu, "Ndiyo, mdogo wangu, ni hizi tu." Halafu nyamaza. Usieleze, usijitetee, usiongeze. Mkaribishe chakula.