Mimi ni wa Nyumba ya Napari

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua imeshinda ikinyesha Tamale. Hakuna kipindi – mhadhiri kakwama huko alikokwama. Nimejiunga na wachora-ramani! Watu wa dunia nzima, hawalipwi, wanatazama picha zilizopigwa kutoka angani na kuchora mapaa na njia, ili mafuriko yakija waokoaji wajue watu wanaishi wapi. Nyumba zetu za msonge kutoka juu – kama vibuyu vilivyoanikwa. Nimeelea juu yake mpaka nikasahau kula.

Ila kila mgeni lazima ajitambulishe kwenye ukumbi wao wa mtandaoni. Nikaandika: Naitwa Tiyumba, mwanafunzi, Ghana. Selorm, tunayeishi naye chumba kimoja, akachungulia begani akacheka. Eti, ndugu yangu, hiyo ni salamu au unatoa maelezo polisi? Nimefuta.

Jumanne, 10 Septemba

Nimempigia Baba Mdogo Fuseini kijijini. Yeye mpiga ngoma. Kazi yake kuwataja watu na mababu zao. Nikamuuliza mtu hujitambulishaje kwa wageni.

"Kwani wamekuuliza jina, au wewe ni wa nani?"

Vyote, nikasema.

"Basi anza na aliyekuzaa. Jina lako lifuate nyuma, kama mkia."

Aliyenizaa! Baba alikwenda kusini kwenye mashamba ya kakao nikiwa bado nabebwa mgongoni. Hajarudi, hajaleta neno. Baba Mdogo akashusha sauti: wazee wamekata shauri, baada ya mavuno watamfanyia matanga. Na Mama je? "Mama yako kanyamaza. Safari hii hakukataa."

Usingizi ukanichukua mchana. Nimeota niko juu kabisa, mawinguni, namtafuta mtu ambaye paa lake silijui.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeandika. Kwa mpangilio wa ngoma:

"Mimi ni wa nyumba ya Napari, wapiga ngoma wa Gbunyili. Ngoma yetu husema: maji hayaombi njia kwa jiwe. Napari alimzaa Sulemana, aliyekwenda kusini. Sulemana alinizaa mimi, Tiyumba. Kijiji chetu hakimo kwenye ramani yenu. Nimekuja kukichora."

Nikatuma kabla sijaingiwa na woga.

Mkaribishaji wao, mama mmoja wa Bolivia aitwaye Nieves, akajibu kwamba kwao pia mtu hutaja mlima wake kwanza, jina baadaye. Halafu – ajabu! – wengine wakaanza kujitambulisha upya. Kijana wa Ufilipino kamtaja bibi yake, msuka mikeka. Nilikwenda sokoni kununua wasawasa, chakula chetu cha unga wa viazi vikuu, miguu haigusi matope.

Ijumaa, 13 Septemba

Leo nimechora kwetu. Bati la Mama, misonge ya nyasi, njia nyembamba ya kwenda mtoni. Nimekaa tu naiangalia.

Mama akapiga simu. Nikamwambia nyumba yake sasa inaonekana dunia nzima.

"Si ungeniambia nifagie!"

Tukacheka. Kisha akasema, polepole, kanunua kitambaa cha matanga. "Mwanangu, nimechoka kumpikia mtu asiyekuja."



Jumapili, 15 Septemba

Baada ya adhuhuri. Ujumbe – si ukumbini, kwangu peke yangu. Binti anaitwa Rahinatu, anasoma Kumasi, huko kusini, anachora ramani kama mimi. Anaomba radhi kwa kuuliza. Hayo maneno ya maji na jiwe nimeyatoa wapi? Baba yake ana mdundo anaoupiga kwa vidole juu ya meza akingoja chakula. Zamani, binti alipokuwa mdogo, baba alimwambia mdundo huo husema maneno hayohayo. Akimuuliza ni wa wapi, hujibu hana kwao.

Nikamuuliza baba yake anaitwa nani.

Issah.

Si Sulemana. Nikashusha pumzi – ya nafuu au ya majonzi, sijui hata sasa.

Akaendelea kuandika. "Lakini jana jioni nilimsomea ulichoandika. Nilipofika kwenye jina la Napari akainuka mezani. Hajala mpaka sasa. Amekaa uani, kanipa mgongo." Halafu: "Kaka, wewe ni nani kwetu?"

Kaniita kaka. Labda ni adabu tu – huku kila mvulana ni kaka. Nimeliangalia neno hilo mpaka herufi zikaanza kuogelea. Selorm ananiuliza kama naumwa.

Sijamjibu, simu ikalia. Mama. Mshonaji kaja nyumbani, mkasi mkononi, anataka kujua kama na mimi nishonewe kanzu ya kitambaa kilekile.

"Mama, mwambie asikate."

"Asikate? Kwa nini?"

Binti kaandika tena: baba yake ameingia ndani. Yeye mwenyewe, baba, anaomba namba yangu.

"Tiyumba? Mtu kasimama hapa ananingoja. Kuna nini?"

Namsikia anavuta kiti, anakaa.