Mke wa Bepari na Kale Jazz

Mtawanya, Mtwara
11 Februari 1973

Kwa Mjomba Shabani,

Shikamoo. Mimi mzima, na korosho za ghalani nazo nzima, isipokuwa zile anazozionja msimamizi. Vipi goti lako? Na nguruwe wameiacha mihogo, au bado mnagawana?

Mwezi uliopita wafanyakazi wote tulipelekwa kutazama mchezo wa kuigiza wa kupinga unyonyaji. Mke wa bepari aliigizwa na Mwalimu Rozalia, mtu wa Songea, ambaye siku za kazi hufundisha hesabu. Alivaa wigi na viatu virefu, akatakiwa aimbe dansi la wakati wa Mwingereza ili tumchukie. Mjomba, hatukumchukia. Watu walidai arudie, akarudia, wakadai tena. Mkulima, shujaa wa mchezo, akabaki kasimama na jembe lake begani akingoja tumalize.

Nikamfuata nyuma ya jukwaa nimuulize waliokuwa wakimpigia ni akina nani. Kumbe ni vijana wa Mikindani, wanajiita Kale Jazz: kodiani, fidla na gitaa lisilotumia umeme. Wanapiga muziki wa baba zao, na kofia wamevaa za baba zao.

"Kule ndiko ninakoimba," Rozalia akaniambia. "Huyu mke wa bepari ni kibarua tu."

Jumapili nikaenda kuwasikiliza. Jumapili iliyofuata nikapewa manyanga ya kutikisa na sauti ya pili. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa.

Mpwao,
Mwanaisha

Kijijini, Nanyamba
4 Machi 1973

Mwanaisha,

Marahaba. Goti linasikia mvua kabla ya redio. Nguruwe hawajaacha.

Barua yako nimeisoma mwenyewe bila kusomewa. Kisomo cha watu wazima kimenifikisha huko, na sasa naona kingeweza kusubiri kidogo.

Mimi ni mwenyekiti wa kijiji. Hapa tunakaa mkutano kupinga mambo ya kizamani, kumbe mpwa wangu anayafuata kwa basi hadi Mikindani. Mama yako anapwaga mahindi kama ana ugomvi nayo. Acha hayo manyanga. Ukikaidi nitakuja nikurudishe nyumbani, na kazi ya ghalani utaiaga siku hiyo hiyo.

Mjomba wako,
Shabani

Mtawanya
8 Aprili 1973

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na afya, maana utaihitaji.

Siachi.

Katibu wa tawi la chama alituita. Akasema muziki wetu ni kasumba ya wakoloni. Rozalia akamuuliza kwa upole hiyo suruali yake ya kaki yenye mikunjo ni mshono wa kijiji gani. Hilo halikumfanya atupende zaidi. Ametoa amri kwamba msichana ambaye kwao hawajaridhia asipande jukwaani, na mimi kaninyooshea kidole kabisa. Akasema atawafuata wenyewe huko kwetu. Nikamwambia njia ya Nanyamba haina kona nyingi.

Mjomba, mchana kutwa nasimamia magunia ya watu wote na silalamiki. Nikishika manyanga, mkono unakuwa wangu. Ukija kunichukua, njoo siku tunayopiga. Itakubidi unishushe mbele za watu, kwa sababu kwa miguu yangu sishuki.

Mpwao,
Mwanaisha

Nanyamba
17 Juni 1973

Mwanaisha,

Salamu nyingi. Sisi wazima, goti halijambo.

Nilikuwa nimeshafua kanzu ya safari ya kukufuata. Ndipo katibu wenu akaja na Landrova. Alipita mbele ya kibaraza changu, akanipungia mkono, akaenda moja kwa moja kwa baba yako. Omari ni mtu mwema; alikuja kuoa hapa kwetu na hajawahi kumkatalia mgeni. Akampa togwa, akaitikia kila alichoambiwa: mtoto atolewe kwenye bendi, arudi. Katibu ni mtu wa mbali, huko kwao baba ndiye mwenye mtoto, hajui kwamba hapa ni mjomba. Lakini hakuuliza hata jirani.

Jioni mkutanoni akatangaza kuwa familia imeamua. Nikasimama. Nikasema, "Mtoto wa dada yangu hatolewi mahali bila mimi kuulizwa. Atabaki alipo."

Akasema hizo ni mila za zamani.

"Ndiyo, za zamani," nikamjibu. "Na bado zinafanya kazi."

Akina mama wa nyuma wakapiga vigelegele, na mama yako ndiye aliyeanza. Katibu ameahidi kuninyang'anya uenyekiti. Achukue. Kiti chenyewe nilikichonga mimi, hicho atakiacha.

Kwa hiyo neno la baba yako halina nguvu, naye mwenyewe anakubali, ameniomba radhi. Barua yangu ya Machi ihesabu kuwa mawazo tu. Siku ya kukukataza nitakukataza mimi, si mtu wa Landrova.

Huo muziki sijausikia na siupendi. Imba.

Mjomba wako,
Shabani