Kinanda Kilichouzwa Siku ya Mavuno

Temeke, Dar es Salaam
11 Agosti 2024

Kaka Anord,

Shikamoo. Mimi mzima, na natumaini wewe na wifi Sesilia hamjambo na baridi ya huko Mlalo.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka, hupokei, ndiyo maana barua hii naipitisha kwa dereva wa basi. Nataka kinanda changu. Uliponifukuza sikupata hata nafasi ya kukibeba. Kifunge kwenye blanketi, umpe dereva huyuhuyu. Mwezi wa kumi na moja nimepata nafasi ya kupiga jukwaani, mbele ya watu wanaopenda muziki wa mitambo, na nyimbo zangu zote zimo ndani yake. Kile si cha kupigia mapambio. Nilirekodi kiwanda cha mbao, mashine ya kusaga, mvua kwenye bati letu, na makelele yote ya nyumba ile, nikaziweka sauti hizo kwenye vitufe. Hazipo mahali pengine popote. Kwa hiyo usikiguse wala usimwazime mtu.

Mdogo wako,
Glory


Mlalo
8 Septemba 2024

Glory,

Marahaba. Sisi wazima, ila mimi moyo unaniwaka, na sababu ni wewe.

Kinanda hakipo. Nilikitoa madhabahuni Jumapili ya mavuno. Mwaka huu kabichi zimeniozea shambani, na nisingeenda mikono mitupu wakati wenzangu wanabeba mikungu ya ndizi. Nilijua kwaya watakichukua, nawe upate baraka usiyostahili. Kumbe wazee wa kanisa wakakipeleka mnadani uani, pamoja na kuku na miwa, kikauzwa. Basi. Ulitutoboa masikio kwa miaka, sasa tumepumzika. Na ulichokificha ndani yake tumekisikia. Usiniandikie tena.

Kaka yako,
Anord


Temeke
15 Septemba 2024

Kaka Anord,

Shikamoo, kwa sababu mama alinifundisha hivyo, si kwa sababu leo nakuheshimu. Afya yangu usiiulize, nina hasira tu.

Umebeba mayai ya mavuno kanisani pale tangu unavaa kaptula. Nani asiyejua kwamba kitu kikishatolewa madhabahuni, ibada ikiisha kinanadiwa? Ulitaka sifa kwa mali ya mwenzio, ukasahau mnada. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ningetoa ng'ombe wako mimi, ungenyamaza? Nitajie aliyekinunua, nitamfuata mwenyewe. Na hicho mlichosikia ni nini?

Mdogo wako,
Glory


Mlalo
20 Oktoba 2024

Glory,

Marahaba. Mimi si mzima, usingizi umenipaa.

Unauliza tulisikia nini kana kwamba hujui. Aliyenadi ni Kornelio. Akakichomeka kwenye spika ya kanisa ili watu waone kuwa kinafanya kazi, akabonyeza. Ikatoka sauti yangu: "Sesilia, hata mbuzi ana faida kuliko wewe." Akahamia kitufe kingine akitafuta wimbo, sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya mtoto. Kingine, ikanguruma kama ng'ombe. Maneno yaleyale. Watu wakacheka, halafu wakaacha, wakawa wanamtazama Sesilia. Ulinirekodi lini, nyoka wewe? Ya ndani unayatoa nje?

Na mnunuzi ni yeye Sesilia. Alinyoosha mkono, akataja bei kwa hela yake ya maharage, na hakuna aliyethubutu kuongeza juu yake. Akajitwika, tukarudi nyumbani, akakisukuma chini ya kitanda. Juzi kasema anapeleka karoti sokoni. Hajarudi, na chini ya kitanda hakuna kitu.

Kama yuko kwako, nijulishe. Na nakuomba, mimi niliyekubeba mgongoni, futa sauti yangu kabla hujapanda jukwaani. Nitauweka wapi uso wangu? Mengine yote chukua.

Kaka yako,
Anord


Temeke
27 Oktoba 2024

Kaka Anord,

Shikamoo. Huku tu wazima, sote wawili.

Wifi alishuka kwenye basi na kinanda amekifunga kwa kanga, hakina hata mkwaruzo. Sikumwita. Nilidhani ameniletea, nikamshukuru. Akaniambia kinanda ni chake, amekinunua mbele ya kanisa zima, na nikitaka kukipiga niombe. Akasema pia kwamba maneno yale nilipaswa kumuuliza kwanza kabla ya kuyafanya wimbo, kwa kuwa aliyetukanwa ni yeye. Iliniuma, lakini ni kweli. Nikaomba, akanikubalia nyimbo zote isipokuwa ule mmoja. Ule ataamua yeye.

Jana nilimsomea barua yako mpaka mwisho. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na mimi ameniomba nini?"

Nikaisoma tena kuanzia juu. Halafu nikamwonyesha kitufe cha kufutia. Akakitazama, akasema hana haraka.

Mdogo wako,
Glory